Simu ya Chumba cha Pampu

Chuo cha Ufundi cha Wanamaji
Bweni la Tatu
9 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mafeni ya watu hayajakumaliza. Mimi sijambo, ukiacha vidole viwili vilivyoungua kwa chuma cha kulehemu. Mama naye hajambo, mgongo tu unamsumbua. Nilizungumza naye Jumapili kwa simu ya bweni. Nilipomwambia nitakuandikia alisema, "Msalimie," halafu akauliza kama nina soksi za kutosha. Ndivyo anavyofanya kila nikikutaja, anahamia habari nyingine.

Ningekupigia, lakini ukoo mzima unajua hushiki simu. Fundi anayefufua kila kitu chenye waya, simu hataki hata kuigusa! Basi ndiyo umenifanya nijifunze kuandika barua kama watu wa zamani.

Tumeanza mafunzo yenyewe ya ufundi umeme wa mawasiliano ya ndani ya meli, kazi yako ya zamani. Watu wa nje wanadhani tutaongea na meli nyingine. Nawaambia hapana, yetu ni ya humo humo ndani: simu za kutoka chumba hadi chumba, vipaza sauti, kengele za moto, ving'ora vya maji, dira ya umeme, hata kile kikengele cha nahodha cha kuitia chai. Wiki ya kwanza mkufunzi alinituma stoo nikalete ndoo ya volti. Nikaenda. Mtunza stoo akanipa ndoo tupu na kunionya nitembee taratibu zisimwagike. Nilitembea taratibu, Mjomba, uwanja mzima, na darasa lote limejaa dirishani.

Kilichonishika zaidi ni zile simu zisizotumia umeme. Sauti yako inatikisa kiwambo, kiwambo kinazalisha umeme wake kidogo, na mwenzako anakusikia. Meli ikizimika yote, hizo zinabaki zinaongea. Na kuna sheria yake. Msemaji wa simu si mtu wa kusema yake. Afisa akitoa neno unalipeleka kama lilivyo, na wa upande wa pili analirudia lote, ndipo linahesabiwa kuwa limefika. Huongezi, hupunguzi, hulainishi. Jana nilitia "nadhani" katikati ya ujumbe, nikakimbizwa uwanja mara tatu.

Hujawahi kunisimulia haya hata siku moja. Wala habari za baba. Mlikuwa meli moja, wewe kwenye nyaya na yeye kwenye pampu, na mimi nilikuwa natambaa alipokufa. Mama amenipa maneno machache tu: bomba lilipasuka, ikawa ghafla, hakujua kilichomfika. Ukipata nafasi niandikie alikuwa baharia wa namna gani.

Mpwa wako


Kibanda cha Feni
27 Februari

Bwana Waya,

Marahaba. Nimekuita hivyo tangu ulipoifumua redio ya mama yako ukabakiwa na skrubu nyingi kuliko ulizokuta, na sioni sababu ya kubadili sasa.

Huku kwema. Msimu wa joto umeanza, kwa hiyo kila aliyelitupa feni lake chini ya kitanda analileta akidai jana tu lilikuwa linafanya kazi. Jirani yangu fundi cherehani anakusalimu. Anasema ukirudi na sare atakupunguzia suruali bure, maana wanamaji siku zote hupewa suruali za watu wawili.

Ya ufundi ni haya. Usiamini rangi ya waya, amini mita. Chumvi inaingia hata mahali ambapo maji hayajafika, kwa hiyo kila kiunganishi kifungue, kipanguse, ukifunge mwenyewe. Nyaya zako zifunge kwa uzi wa nta, fundo kwa fundo, hata kama mkufunzi atakwambia za plastiki zinatosha. Plastiki hukatika kwa mtikisiko. Na ile ndoo ya volti hata mimi niliibeba, ila yangu waliijaza mawe.

Baba yako alikuwa baharia mzuri. Alikuwa mrefu mno kwa kazi ile, kila mlango aliugonga kwa paji la uso, na kila mara aliuomba radhi.

Wino unakwisha. Msalimie mama yako.

Mjomba wako


Bweni la Tatu
18 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimefaulu! Nimekuwa wa nne, na wa kwanza kwenye kutafuta hitilafu. Walikata waya mmoja ndani ya kuta za chuma nikautafuta kwa mita hadi nikaukuta nyuma ya friji la mpishi. Mpishi hakufurahi. Mama alipiga vigelegele kwenye simu mpaka mlinzi wa bweni akaja kuuliza kuna nini.

Hiyo habari ya baba kuomba radhi milango nilimsomea. Alicheka. Akaniuliza, "Ameandika nini kingine?" Nikasema hakuna. Akasema, "Ehe," basi.

Sasa nahitaji shauri lako kweli. Wiki ijayo napelekwa melini kwa majaribio hadi mwisho wa mwaka. Baada ya hapo nachagua. Ama nibaki melini, ambako fundi wa mawasiliano ndiye pia msemaji wa simu kwenye kituo cha uokoaji meli ikipatwa na ajali. Ama niende karakana ya nchi kavu, nitengeneze vipaza sauti mezani na kulala nyumbani. Nikitia saini, nimejifunga kwa miaka. Moyo wangu uko melini. Mama angependa karakana ila hasemi. Wewe uliyeifanya kazi hii unasemaje?

Mpwa wako


Kibanda cha Feni
30 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Hongera sana. Nimemwonyesha fundi cherehani barua yako, naye ameionyesha kwa wateja wake wote, kwa hiyo mtaa mzima unajua habari za friji.

Nenda karakana.

Meza ya karakana haiyumbi. Utajifunza mengi kuliko unavyofikiri, utamsaidia mama yako, na utaoa ungali na nywele. Usiniulize sababu nyingine. Nimekujibu siku ile ile niliyopata barua yako, ujue sina wasiwasi na jibu langu.

Mjomba wako


Melini
3 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mzima wa mwili. Mama anakusalimu.

Nilidhani nitakusimulia kazi. Asubuhi tunapima kila simu, chumba kwa chumba, mmoja anaongea na mwingine anarudia. Mchana tunapanda na kushuka ngazi na mfuko wa vifaa kiunoni. Nimejua meli kwa masikio: chumba cha injini kinavuma kwenye simu, jiko lina sahani, na kwa tabibu mtu hukohoa daima. Naipenda kazi hii, Mjomba. Siwezi kukuficha.

Lakini kuna jambo limetokea. Mkuu wetu wa mafundi ni mzee tunayemwita Koleo, kwa jinsi anavyoshika mkono wa mtu akimsalimu. Juzi tulikuwa chini kabisa, chumba cha pampu, tunabadilisha kiwambo cha simu. Akaniuliza kama nina ndugu katika kazi hii. Nikakutaja, na nikamtaja baba. Akaacha bisibisi. Kumbe mlikuwa naye katika meli ile ile.

Akasema, "Basi wewe unajua thamani ya simu hii kuliko yeyote humu. Mjomba wako aliongea na baba yako kwa simu kama hii mpaka mwisho." Alidhani najua. Aliponiona usoni akagundua sijui, akasema ameropoka, na tangu siku hiyo ananikwepa.

Mpaka mwisho upi, Mjomba? Si ilikuwa ghafla? Kama ilikuwa ghafla, mliongea nini? Na kama mliongea, baba alisema nini?

Nakuuliza kwa heshima zote. Saini natakiwa kutia Desemba, na siwezi kuchagua kitu ambacho nyinyi wakubwa mnakijua na mimi sikijui. Mama sijamwambia neno.

Mpwa wako


Kibanda cha Feni
29 Agosti

Bwana Waya,

Marahaba. Nimefurahi kusikia u mzima na mama yako anaendelea vizuri. Huku mvua imetoboa paa langu juu ya kitanda, kwa hiyo nalala na sufuria. Fundi cherehani amenunua mashine ya umeme na sasa anashona haraka kuliko wateja wanavyonenepa. Mimi nimepata zabuni ya mafeni ya shule, mengi, yote yana vumbi la chaki.

Ni vizuri kwamba mnapima simu kila asubuhi. Sisi tulikuwa tunapima kwa wiki. Angalia mpira unaozunguka mlango wa kiunganishi, ukikauka ubadilishe kabla haujapasuka.

Karakana bado ni shauri langu.

Mjomba wako


Melini
10 Septemba

Mjomba,

Shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Paa nimelisikia. Mashine ya fundi cherehani nimeisikia. Mafeni ya shule, simu za kila asubuhi na mpira wa mlango vyote nimevisikia. Umerudia kila nililokuandikia isipokuwa moja.

Nisamehe kama nakukosea adabu. Wewe ndiye uliyenilipia shule, wewe ndiye uliyenifundisha kushika bisibisi. Lakini yeye ni baba yangu, na sina kitu chake zaidi ya paji la uso lililogonga milango. Kama yapo maneno yake mengine, ni yangu pia.

Sitakuandikia tena mpaka unijibu.

Mpwa wako


Kibanda cha Feni
21 Novemba

Mpwa wangu,

Marahaba ya ile ya Septemba. Najua ulikuwa na hasira, na bado ulinisalimu. Mama yako amekulea.

Nimechelewa si kwa sababu ya kazi. Mafeni ya shule niliyamaliza zamani. Nimeandika barua hii na kuichana mpaka fundi cherehani akaniuliza kama nafungua duka la karatasi. Sasa naiandika bila kusimama, na nikimaliza nitaitia bahasha kabla sijaisoma.

Bomba la maji ya bahari lilipasuka katika chumba cha pampu. Waliokuwamo walipanda ngazi wakatoka. Baba yako alibaki nyuma anazungusha gurudumu la vali, lilikuwa gumu na yeye ndiye aliyelizoea. Aliyekuwa juu akafunga mfuniko wa chuma wa mdomo wa ngazi kama sheria inavyotaka, akidhani wametoka wote. Vali haikufunga. Umeme wa sehemu ile ukazimika. Simu ikabaki.

Mimi ndiye niliyekuwa msemaji wa simu kwenye kituo cha uokoaji, na afisa kasimama ubavuni mwangu. Nikasikia, "Kituo, hapa chumba cha pampu. Kuna mtu mmoja huku." Hakujitaja. Alijua nimemjua.

Nikamwambia afisa. Akazungumza na nahodha kwa laini nyingine, akageuka uso umembadilika. Chumba kile kiko chini kuliko vyote. Mfuniko ukifunguliwa maji yanapanda chumba cha injini, na meli inazama na watu wote. Akaniambia, "Mwambie mfuniko haufunguliwi." Nikabaki namtazama. Akalisema tena, polepole. Alikuwa analia, kwa hiyo sitaki umchukie.

Mpwa wangu, ningeweza kumwambia lolote. Kwenye laini ile tulikuwapo yeye na mimi tu. Ningeweza kumwambia wanakuja, na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini yeye alikuwa baharia, na alikuwa mume wa dada yangu, na alinijua. Angeusikia uongo sautini mwangu, angekufa akijua nimemdanganya. Au labda ningeweza kuusema vizuri akauamini. Hilo ndilo sijalijua mpaka leo. Nikamwambia, "Chumba cha pampu, mfuniko haufunguliwi."

Kisha akarudia, kama tulivyofundishwa sote: "Kituo, nimesikia. Mfuniko haufunguliwi."

Kwa nini sishiki simu, sasa umejua. Nikiushika mkono wa simu tu nalisikia hilo.

Baada ya hapo aliacha lugha ya kazi. Akaniita shemeji. "Shemeji, usitoke hapo." Nikamwambia sitoki. Hatukuongea makubwa. Alilalamikia bati la jikoni kwao linalovuja, kwamba alimwahidi dada yangu kuliziba na amekuwa akipiga chenga. Akanisimulia jinsi ulivyokuwa ukitambaa kinyumenyume, unaona unachokitaka huku unakwenda mbali nacho, na unalia kwa hasira. Akacheka, na mimi nikacheka. Afisa alidhani nimerukwa na akili. Kisha akaniomba jambo moja: "Usimwambie dada yako kwamba nilingoja. Mwambie ilikuwa ghafla." Nikamwahidi. Tukaendelea na bati. Maji yalipofika kwenye simu nilisikia kama mtu anasugua gunia, kisha kimya. Nikaendelea kuita mpaka mwenzangu akaja kunivua hedifoni.

Dada yangu aliponiuliza nikasema ilikuwa ghafla. Akanitazama machoni, na mimi nikatazama sakafu. Tangu siku hiyo siwezi kukaa sebuleni kwake. Kila nikimwona najua mumewe alikatishwa tamaa kwa mdomo wangu. Nikahamia mbali, nikaanza kutuma ada zako, maana hilo niliweza.

Karakana nilikushauri si kwa kuogopa maji. Niliogopa siku ambayo wewe nawe utaambiwa upeleke neno kama lile. Huo ndio ukweli wa kazi uliyoipenda. Sasa chagua mwenyewe.

Ukinichukia nitaelewa. Ila mama yako usimwambie. Niliahidi.

Mjomba wako


Nyumbani
15 Desemba

Mjomba wangu,

Shikamoo, na shikamoo tena.

Sitakuzungusha. Mama nimemwambia. Wewe ulinikataza, na baba alikukataza, na mimi nimewaasi wote wawili. Niko likizo. Barua yako niliifungua jikoni, mama anamenya vitunguu. Nilipofika kwenye neno la mfuniko nililazimika kukaa chini. Akaniuliza ni nani aliyekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa leo. Akanawa mikono, akaketi mbele yangu, akasema, "Soma." Nikamsomea yote kama ulivyoandika. Sikupunguza wala sikulainisha.

Lakini kwanza nikujibu la kwako. Nimejiuliza, kama ningekuwa mimi kule chini, ningetaka kuambiwa nini. Ningetaka kuambiwa wanakuja. Siwezi kukudanganya, Mjomba. Usiku wa kwanza nilikukasirikia sana, nilitoka nje nikapiga teke ukuta, na sasa nachechemea kama kuku aliyefungwa mguu. Kisha nikawaza jambo. Angeambiwa wanakuja, muda wote ule angekuwa anatazama juu, anausikiliza mfuniko. Asingesema habari za bati. Asingesema habari zangu. Nisingejua kwamba baba aliwahi kunicheka nikitambaa. Hayo umeniletea wewe. Sikuchukii. Nakuonea uchungu, na nakupenda.

Juzi nilirudi bandarini mara moja, nikatia saini kubaki melini. Nimefanya hivyo nikijua neno ninaloweza kuja kuambiwa nilipeleke. Nimeogopa, na nimeliandika jina langu. Koleo alinishika mkono mpaka kalamu ikaanguka.

Sasa mama. Nilipomaliza kusoma hakulia. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo kaka yangu hakukimbia?"

Sikumwelewa. Akaniambia hajawahi kuliamini lile neno "ghafla" hata siku moja. Ulivyotazama sakafu alijua unaficha kitu, na akadhani anakijua: kwamba ulimwacha mumewe ukajiokoa. Ndiyo maana hakukuuliza tena, aliogopa utamjibu. Ndiyo maana kila nikikutaja anahama. Akasema, "Miaka yote hii nikifumba macho namwona mle gizani anaita, na hakuna anayemwitikia. Kumbe kaka yangu alikuwa anamwitikia." Hapo ndipo alipolia, Mjomba, na nilimwacha alie.

Ameniomba kalamu. Mwandiko unaofuata ni wake.

Kaka, shikamoo.
Nilikuweka mbali kwa jambo ambalo hukulifanya. Nisamehe. Na wewe acha kujihukumu kwa lile ulilolifanya, maana mimi sikuhukumu. Nataka unisimulie mwenyewe, kwa mdomo wako, hata alipocheka. Chumba cha nyuma nimekifagia na kitanda nimekitandika. Ukifika usipige hodi.